Dashibodi imepasuka hadi karibu na eabegi: uizibe, uifunike au ubadilishe?

Swali la msomaji, nimelifupisha: "Habari fundi. Gari yangu ni ya mwaka 2004, dashibodi imepasuka sehemu mbili. Mpasuko mmoja uko upande wa dereva, unaanzia kwenye tundu la hewa chini ya kioo cha mbele, urefu kama kiganja. Wa pili ni mdogo ila unatokea pembeni ya kifuniko cha eabegi ya abiria. Niliweka supagluu ikashika wiki chache, ikaachia, na sasa kingo zimeinuka. Fundi mmoja anasema atajaza epoksi na faiba apige rangi, mwingine anasema nibadilishe dashibodi nzima. Nimsikilize nani?"

Salama ndugu yangu, pole na hiyo dashibodi. Nianze na jibu lenyewe halafu maelezo yafuate, maana najua wengine mkishasoma mistari miwili mnakimbia kwa fundi. Ule mpasuko wa upande wako wa dereva unazibika, ila sio kwa epoksi na faiba. Ule wa pembeni ya eabegi usizibwe na mtu yeyote kwa kitu chochote, hata fundi awe bingwa vipi. Na huyo aliyekwambia ubadilishe dashibodi nzima hajakosea, isipokuwa kazi yake ina mitego ambayo watu huwa wanaigundua wakati dashibodi iko chini na gari limebaki waya tupu.

Sasa kwa nini supagluu iliachia. Wengi tunaiona dashibodi kama kipande kimoja cha plastiki, kumbe kwenye magari mengi ile ya juu yenye ulaini ni matabaka matatu: chini kabisa plastiki ngumu inayobeba kila kitu, katikati sponji, na juu ngozi nyembamba ya vinaili, unene kama milimita 1 hivi. Vinaili yenyewe kiasili ni ngumu, ndiyo hiyohiyo PVC ya mabomba ya maji, kwa hiyo kiwandani wanaichanganya na mafuta ya kuilainisha ili ikubali kukunjika. Gari likishinda juani hayo mafuta yanatoka kidogo kidogo, na wewe umeshayaona bila kujua: ule utando unaoota kwa ndani kwenye kioo cha mbele, ukipitisha kitambaa unabaki michirizi na usiku taa za wenzako zinatawanyika machoni, sehemu yake imetoka kwenye dashibodi yako. Ngozi ikipoteza mafuta inasinyaa, plastiki ya chini haisinyai, basi inavutika pande zote kama tope la bwawa lililokauka, na inachanika kuanzia pale palipokatwa: kingo za matundu ya hewa, pembe za spika, pembezoni mwa kifuniko cha eabegi. Ndiyo maana mipasuko yako yote miwili imeanzia hapo, wala sio kwamba kuna mtu aligonga.

Supagluu iliunganisha midomo ya mpasuko vizuri tu siku ile. Shida ni kwamba ikikauka haina mnyumbuko hata kidogo, na ngozi haijaacha kuvuta, mchana inatanuka usiku inajikunja, mwisho gundi inaachia au inashika kweli na ngozi inachanika sentimita moja pembeni yake. Epoksi ya kawaida na faiba zina ugonjwa huohuo. Utatoka gereji dashibodi inang'aa kama mpya, likipita jua kali la kutosha unaona mstari mwembamba unazunguka kiraka, kila mahali kitu kigumu kilipokutana na kitu laini. Na puti ile ya bodi ya gari ndiyo mbaya zaidi, fundi akiitoa tu mwambie asante ondoka.

Kabla hujafanya chochote bonyeza kwa kidole pembeni ya mpasuko, gari likiwa limepoa. Ukisikia ngozi imeshikana na sponji na inarudi juu ukiachia, hapo kuna kitu cha kurekebisha. Ukisikia chini kunasagika, vumbi la njano au kahawia linatoka kwenye ufa, na ngozi inacheza yenyewe, basi sponji imeshakufa na kiraka hakina pa kushika, usipoteze muda. Pia hesabu mipasuko. Mmoja au miwili sawa. Ukiona kuna nyufa ndogondogo zinaanza kila kona, leo utaziba mmoja na mwezi ujao unafunguka mwingine jirani. Kama dashibodi yako ni plastiki ngumu tupu bila sponji, ukiigonga inalia tok tok, hiyo habari yake ni tofauti: inaweza kuchomelewa kwa joto au kuungwa kwa epoksi kwa nyuma na ikadumu, maana hakuna ngozi inayovuta.

Nije kwenye eabegi maana hapa ndipo swali lako lilipo zito. Ile ya abiria ikilipuka inajaa kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, chini ya sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Ili itoke, kifuniko lazima kifunguke au kichanike palepale mhandisi alipopanga kichanike. Kuna magari kifuniko kinaonekana, kina mstari wake, na kuna mengine huoni kitu juu kabisa ila kwa chini ngozi imechorwa mkato wa kuidhoofisha. Sasa fundi akimwaga epoksi na faiba hapo amebadilisha hesabu yote: mfuko unaweza kuchelewa, unaweza kutokea upande usio wake, na vipande vya hicho kiraka kigumu vinarushwa kuelekea usoni kwa aliyekaa pale, ambaye mara nyingi ni mkeo au mama yako. Na sio epoksi peke yake. Kuna wanaopeleka dashibodi kwa fundi wa viti ivalishwe rekisini au ngozi, inapendeza kweli, lakini kiwandani sehemu hiyo inashonwa kwa uzi maalum dhaifu unaokatika kwa nguvu iliyopimwa, na fundi wa kawaida anashona kwa uzi wake wa sofa. Basi kama ni kuvalisha, sehemu ya eabegi iachwe kama ilivyo. Na hapo hapo niseme, wale mnaopanga midoli na boksi za tishu juu ya kifuniko, na abiria wanaopandisha miguu pale safari ikiwa ndefu, toeni.

Kwa hiyo ule mpasuko mdogo uache. Angalia tu kama unatembea, weka alama ya kalamu nje kidogo ya ncha yake, ukiona umeivuka unajua unaelekea wapi. Mpasuko wa ngozi tu nje ya kifuniko hauizuii eabegi kufanya kazi, ni ubaya wa macho. Lakini ukiona kifuniko chenyewe kimeinuka, kinacheza, au ufa umeingia juu yake, hapo ushauri wangu unahama moja kwa moja kwenye kubadilisha.

Turudi upande wa dereva, nikueleze inavyotakiwa kufanywa ili hata kama hufanyi mwenyewe ujue fundi anakupiga au la. Kwanza kusafisha, na hapa ndipo kazi nyingi zinapofia. Kama umekuwa ukipaka yale mafuta ya kung'arisha yenye silikoni, yamekaa kwenye vinyweleo vya ngozi na hakuna gundi wala rangi itakayoshika juu yake, rangi inajikusanya inaacha vishimo vishimo. Osha kwa maji ya sabuni, kausha, halafu futa kwa spiriti na kitambaa cheupe, rudia mpaka kitambaa kitoke cheupe. Thina usitumie, inaila ngozi. Kisha ondoa supagluu yote ya zamani, na zile kingo zilizoinuka zikatwe kwa wembe kwa mshazari, kila upande uteremke kuelekea kwenye ufa, mpaka ukipitisha kidole husikii kigongo. Watu wanaogopa kukata, wanajaribu kuzibonyeza zilale kwa hita ya kupulizia joto. Zinalala, ndiyo, halafu zikipoa zinainuka tena kwa sababu ngozi imeshasinyaa na haina urefu wa kurudi ilipokuwa. Kata tu. Sponji iliyotokeza nayo ichimbwe kidogo iwe chini ya usawa wa ngozi.

Halafu kuna hatua ambayo mafundi wengi wa haraka wanairuka: ncha ya ufa. Ufa ukiachwa na ncha kali unaendelea kutembea hata chini ya kiraka. Toboa kitundu cha duara cha milimita 2 au 3 pale unapoishia, na usiamini jicho, mulika tochi kwa pembeni karibu kabisa na dashibodi, utakuta ufa umekwenda mbele zaidi kidogo ya ulipodhani umeishia. Toboa hapo. Ngozi tu, usizame, chini yake kuna waya na mirija ya hewa.

Cha kujazia kiwe kile kijazio chenye mnyumbuko, cha kuchanganya pande mbili, kinachouzwa kwa ajili ya bampa za plastiki. Bampa inapigwa jua, inatikisika, inakunjika, kijazio chake kimetengenezwa kwa maisha hayo. Jaza kwanza sehemu ya sponji, subiri ikauke, kisha weka tabaka jembamba juu, kausha, tabaka lingine, usimwage lote kwa mkupuo maana litatumbukia katikati. Piga msasa namba 180 ukiwa umeuzungushia kwenye kipande cha ubao au raba bapa, malizia na 320. Na hapa fumba macho upitishe kiganja, kiganja kinakamata bonde ambalo macho hayalioni, ila rangi ikishapigwa macho yatalikamata vizuri sana.

Sasa dashibodi ina vile vipele vyake, na kiraka laini katikati ya vipele kinaonekana toka nje ya gari. Njia nzuri ni kutengeneza muhuri: chukua silikoni ya kutengenezea moldi, paka kwenye kona isiyopasuka ya dashibodi hiyohiyo, ikikauka ibandue, imebeba alama za vipele. Unaikandamiza juu ya tabaka la mwisho la kijazio kabla halijakauka kabisa. Inahitaji subira na kujaribu kwanza juu ya kipande cha plastiki, ila matokeo yake yanashinda ile spreyi ya vipele kwa mbali. Ukishamaliza, futa upya mabaki yote ya silikoni, kisha praima ya plastiki, kisha rangi ya vinaili, spreyi nyepesi nyepesi mara kadhaa na sio mkupuo mmoja mzito. Paka kipande chote cha juu kutoka mshono mpaka mshono, kifuniko cha eabegi ukiwa umekiziba kwa tepu ya karatasi. Ukipaka kiraka tu, utabaki na doa jipya kwenye dashibodi iliyopauka. Rangi iwe ya kufifia, isiyong'aa. Inayong'aa itakurudishia kivuli cha dashibodi kwenye kioo kila jua likiwa mbele yako.

Nisikudanganye, hata kazi nzuri mtu anayejua ataiona. Na haidumu milele kwa sababu ngozi iliyobaki bado inazeeka. Ila kwa gari ya umri wa yako, kwa mpasuko mmoja wa kiganja, inatosha kabisa.

Kama hayo yote ni mzigo, kufunika ni njia halali wala usione aibu. Lile zulia la dashibodi linalokatwa kwa umbo la gari lako ndilo rahisi kuliko yote, linaficha mipasuko, linakata mng'ao kwenye kioo na linazuia jua lisiendelee kula ngozi. Cheki tu kwamba limekatwa kwenye matundu ya hewa ya kioo, kwenye kifuniko cha eabegi, na kwenye kile kidude kidogo cha duara karibu na kioo kinachosoma mwanga wa jua, kama gari lako lina AC inayojirekebisha yenyewe au taa zinazojiwasha zenyewe, ukikifunika taa zitawaka mchana kweupe na utaanza kutafuta tatizo la umeme ambalo halipo. Lishikwe kwa velkro, lisiteleze likaja kukaa chini ya usukani. Kuna na yale maganda magumu ya plastiki yanayobandikwa juu ya dashibodi nzima kwa gundi, yanakaa vizuri kama yametengenezwa kwa modeli yako hasa, ila ukishabandika umeoa, kuling'oa ni kung'oa na ngozi ya chini. Lisilo na tundu la eabegi usilinunue kwa gari lenye eabegi.

Haya, kubadilisha. Dashibodi ya mtumba kutoka gari la modeli yako mara nyingi inapatikana, ila usiende na jina la gari tu. Uende na mwaka, upande wa usukani, kama ina eabegi ya abiria au haina, AC ya kugeuza kwa mkono au ya kidijitali, na picha ya yako. Ya gari lililogongwa eabegi zikatoka haikufai, kifuniko kimeshachanika. Ya gari lililoshinda juani kwenye yadi bila vioo nayo ina ugonjwa uleule, ibonyeze kidole kama nilivyokwambia. Na chukua dashibodi peke yake, eabegi ubaki na yako. Mtu akikuuzia na eabegi ndani mwambie aitoe. Huijui historia yake, na zipo sababu: vilipuzi vya kujazia eabegi vya kampuni ya Takata, vilivyotumia amonia naitreti, viliharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, vikawa vinapasuka na kurusha vyuma, watu wakafa, na Marekani peke yake ilibidi viitwe virudishwe karibu milioni 67. Magari ya miaka ya 2000 ni mengi kwenye orodha hiyo, kwa hiyo hata yako ya 2004 ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama iliitwa. Bure tu, na ni muhimu kuliko mpasuko wote huu.

Siku ya kazi, betri inachomolewa kwanza, teminali hasi, na fundi anakaa anasubiri. Vitabu vya magari vinatofautiana, vingine vinasema sekunde 90, vingine dakika 3 au zaidi, fuata cha gari lako, kwa sababu mfumo wa eabegi unahifadhi umeme kidogo hata betri ikiwa imetoka. Plagi za njano ndizo za eabegi. Hazipimwi kwa mita, hazichokonolewi kwa taa ya kupimia. Eabegi ikitolewa inabebwa uso ukielekea mbali na mwili na inawekwa mezani uso juu, kamwe isilazwe kifudifudi. Ufunguo usiwashwe hata mara moja wakati plagi hizo ziko nje, ukiwasha tu taa ya eabegi itabaki inawaka na utahitaji mashine ya kuifuta.

Mengine ni uvumilivu: vifuniko vya nguzo za pembeni ya kioo, boksi la mbele ya abiria, konsoli ya katikati, redio, mita, ndipo bolti zenyewe. Mita baki nazo zako, kilomita za gari mara nyingi zimehifadhiwa humo na kwenye magari mengine hata mfumo wa ufunguo. Piga picha kila plagi kabla ya kuchomoa, skrubu za kila sehemu kwenye mfuko wake ulioandikwa, maana zinafanana kwa macho ila moja ndefu ikiingia pasipo pake inatoboa mrija au waya. Na angalia kona ya dashibodi chini ya kioo, magari mengi yana kibati cha namba ya chesisi kimepigiliwa pale. Cha gari lingine kisije kikaingia kwenye gari lako, na chako usikibandue kihuni, ulizia sheria ya kwenu kabla, vinginevyo siku ya kuuza utaeleza mambo usiyoweza kueleza. Ukimaliza, washa ufunguo uangalie taa ya eabegi: iwake sekunde chache izime. Isipowaka kabisa ni mbaya sawa na isipozima, huenda kuna fundi ameichomoa ili usione.

Ukishatengeneza, au ukiamua kuacha ilivyo, tafuta pazia la kioo cha mbele, lile la kukunja. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona State walipima magari yaliyokaa saa moja nje siku za joto kali: dashibodi juani wastani nyuzi 69 za Selsiasi, kivulini 48. Hizo nyuzi 21 ndizo zinazokula ngozi yako. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, ukitaka kupaka kitu paka cha maji kisicho na mng'ao, na hizo shikio za simu za kunyonya usiziweke kwenye ngozi iliyokauka, siku ya kuing'oa inaondoka na kipande.

Kwako wewe hasa, ningefanya hivi: mpasuko wa dereva uzibwe kwa kijazio cha bampa, wa eabegi uachwe na alama ya kalamu, zulia juu yake lililokatwa vizuri, na dashibodi ya mtumba uanze kuitafuta taratibu bila haraka, ukiipata nzima ubadilishe. Yule fundi wa epoksi mpe kazi ya upande wako kama atakubali kutumia kijazio laini, akikataa akasema yeye miaka yote anatumia faiba na hakuna aliyerudi, tafuta mwingine.